Vidole Vitatu kwenye Chasisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mama alikuwa amenishoneshea kwa fundi wa mtaa wa Nyasho, kola ngumu kabisa, maana mwanawe ameajiriwa shirika la bima, atakaa mezani na feni juu ya kichwa. Nilifika tawini Musoma asubuhi nikapokelewa na Mkaguzi Mkuu, mzee mfupi mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akacheka kidogo puani.

"Lala," akaniambia.

"Wapi, mzee?"

"Chini ya lori hapo. Ulidhani gari linakaguliwaga kwa kusimama?"

Nikalala na shati langu. Nilipotoka mgongo ulikuwa grisi tupu, na Mama jioni yake alilia kabisa, akidhani nimefukuzwa na kutupwa kwenye matope. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kukagua magari yaliyopata ajali, kazi niliyoifanya katika mkoa wa Mara mpaka nywele zikanitoka. Nawaandikia nyie vijana mnaoifanya leo kwa kupiga picha na simu. Msije mkadhani naandika ili mnisifu. Mkifika mwisho mtaona wenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gari likipata ajali, mwenye gari analeta fomu ya madai. Mkaguzi anakwenda lilipo, analikagua, anaandika ripoti. Katika ripoti ile neno kubwa ni moja tu: litengenezwe, au lifutwe. Kufuta gari maana yake ni kusema kwamba halifai kurudi barabarani. Mwenyewe analipwa thamani yake, na mabaki yanauzwa kwa wanaotaka spea na chuma chakavu. Hapo katikati ndipo mkaguzi anapokula mshahara wake. Ukifuta gari zima umemwonea mtu. Ukirudisha barabarani gari lililokufa, basi, hilo nitalieleza.

Mkaguzi Mkuu alinifundisha kwamba bampa, boneti na milango ni nguo tu, fundi bodi atazinyoosha. Cha kuogopa ni chasisi, yale mataruma mawili marefu ya chuma yanayobeba kila kitu. Chasisi ikipinda huioni kwa macho. Unaipima kwa mshazari: unachukua urefu kutoka tundu la mbele kushoto mpaka la nyuma kulia, halafu kutoka la mbele kulia mpaka la nyuma kushoto. Vipimo vikilingana, chasisi imenyooka. Visipolingana, imepinda, na hata ukilipaka gari rangi likang'aa namna gani, litatembea kiubavuubavu mpaka siku chuma kichoke.

Tulikuwaga na futi ya chuma ya kupimia. Kisha ikaja ile miaka ya dhiki, mwanzoni mwa themanini, na wale mliozaliwa baadaye hamwezi kuielewa hata mkisimuliwa mpaka asubuhi. Sabuni hakuna. Sukari hakuna. Tairi unapata kwa kibali, na kibali unapata kwa kujuana. Futi yetu ikakatika, tukaandika barua makao makuu tuletewe nyingine, wakatujibu tuwe wabunifu. Ndipo Mkaguzi Mkuu akaenda kwa washona nyavu kule ziwani, akarudi na uzi mnene wa nailoni.

"Utapima nao mshazari wa kwanza, unafunga fundo," akanionyesha. "Unauhamishia mshazari wa pili. Fundo likitua tunduni, sawa. Likipungukiwa kwa nusu kidole, samehe. Tofauti ikizidi kidole kimoja, gari limepinda. Lakini nisikilize vizuri. Nailoni inavutika. Ikilowa ndo usiseme. Kwa hiyo wewe mkaguzi unashikaga ncha isiyo na fundo tu. Upande wa pili avute mtu mwingine, tena asiyekuwa na shida na jibu."

Nilimwona mzee ana mambo mengi. Mwaka uliofuata alistaafu, akaniachia ule uzi kwenye mkoba, na mimi nikabaki mkaguzi pekee wa mkoa mzima. Kijana wa miaka thelathini na kitu! Nikipita mjini watu wananiita Bwana Mkaguzi, nami natembea kifua mbele.

Meneja wa Tawi alikuwa mtu mwema, siwezi kumsingizia. Siku moja aliniita ofisini, akanifungia mlango.

"Bwana Mkaguzi, umefuta magari matatu tangu mwezi huu uanze."

"Yalikuwa yamekwisha, meneja."

"Sikatai. Lakini ukilifuta gari leo, mwenyewe anapata hundi. Hundi ile anaipanda? Magari ya kununua yako wapi? Nchi imebakiwa na haya haya. Jitahidi yatengenezwe. Nimeeleweka?"

Nilimwelewa. Alichosema kilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana kilinipumbaza.

Haikupita wiki nikaitwa Bunda. Pikapu ya Mama Sabina ilikuwa imegonga ng'ombe na kuingia mtaroni. Mama Sabina alikuwa mjane wa Butiama, mama mchapakazi hasa, anachukua dagaa Murangi kule ziwani na kuwapeleka Bunda sokoni. Dereva wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Joakimu, kijana mcheshi, mpiga ngoma wa kwaya. Katika ajali ile hakuna aliyeumia zaidi ya ng'ombe. Pikapu ilikuwa imevutwa mpaka gereji ya fundi Mafuru, mchomeleaji aliyekuwa kwenye orodha yetu ya mafundi wanaoaminika. Mafuru alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza jambo anafuta mikono kwanza, ndipo anajibu.

Asubuhi ile ilikuwa imenyesha. Mama Sabina alinikuta hata sijafungua mkoba.

"Baba, nakuomba," akasema, kanga kaishika kwa mikono miwili. "Ukiliua hili gari umeniua mimi. Watanipa karatasi. Karatasi hailetagi dagaa. Nina wanafunzi wanne, na huyu Joakimu anataka kuoa."

"Mama, acha nikague kwanza."

Tukaingia chini, mimi na Mafuru. Taruma moja lilikuwa limepinda kwa mbele, hilo kila mtu aliliona, na lilikuwa la kunyoosha na kuwekea kiraka cha chuma. Tukapima. Mshazari wa kwanza nikafunga fundo. Tukauhamisha uzi. Mimi nikashika mbele, Mafuru akavuta nyuma kwa kiasi, kama inavyotakiwa.

"Vidole vitatu," akasema.

"Nini?"

"Fundo limepungukiwa vidole vitatu, Bwana Mkaguzi. Kuna mkunjo huku nyuma pia, karibu na springi. Siuoni vizuri kwa matope, ila upo. Hii chasisi imekufa."

Juu nasikia Mama Sabina anaomba rozari. Nikamfikiria meneja. Nikafikiria na basi la kurudi Musoma, ambalo likikuacha unalala Bunda. Nikamwambia Mafuru, "Hujavuta wewe. Lete hapa."

Nikatambaa mpaka nyuma nikampokonya uzi. Yeye nikamtuma mbele akashike. Uzi umelowa. Nikavuta. Nikaegemeza kisigino kwenye tairi nikavuta mpaka ukanikata kiganja, na fundo likaja, likaja, likatua tunduni.

"Umeona?" nikamwambia.

Mafuru alitoka chini ya gari, akachukua kitambaa, akafuta mikono yake taratibu. "Nimeona ulivyovuta," akasema.

Nikaandika: litengenezwe, taruma la kulia linyooshwe kwa mbele na kuchomelewa kiraka. Mama Sabina alipiga vigelegele palepale gereji, wapita njia wakadhani kuna harusi. Nilipokuwa napanda basi akanifuata mbio akanitia mfuko kwapani. Kilo mbili za sukari. Wakati ule! Nilijiambia si rushwa, maana nimepewa baada ya kazi, ni asante tu ya mama. Nyumbani mke wangu alichemsha chai, akaita na majirani. Niliinywa vikombe viwili.

Pikapu ilitembea miezi minane. Kila nilipokutana nayo mjini nilikuwa naiangalia kwa nyuma, na niliona kabisa magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele. Ilikuwa inakwenda kiubavu. Joakimu ananipungia mkono dirishani, nami nampungia. Ningeweza kumsimamisha siku yoyote. Ningesema neno moja tu: simama, nimekosea, nipime upya. Lakini nikipima upya ndiyo nimekiri. Vijana, nataka mjue kwamba mwanzo ule chini ya gari ningeweza kuuita kosa. Ile miezi minane sina jina lake zuri.

Pikapu ikavunjika njia ya Bunda ikiwa imebeba dagaa mpaka juu. Chasisi ilikatika nyuma, bodi ikakaa barabarani, gari likapinduka. Mama Sabina hakuwemo. Joakimu alibanwa mguu, na hospitali wakaukata juu ya goti.

Nani atumwe kukagua chanzo? Mkaguzi wa mkoa ni mmoja. Meneja wa Madai wa kanda alipiga simu kutoka Mwanza: "Nenda ukatuandikie sababu. Polisi nao wanaisubiri." Kwa hiyo nilitumwa kukagua kazi yangu mwenyewe, na hakuna aliyeliona hilo ila mimi.

Uwanjani pa polisi nililala chini ya pikapu ile nikatazama. Kiraka cha Mafuru kule mbele kilikuwa kizima, hakina hata ufa wa unywele. Chuma kilikuwa kimekatika kule kule nyuma, penye mkunjo, karibu na springi, mahali alipopataja yeye. Nilipitisha kidole kwenye mpasuko. Nusu yake ilikuwa na kutu ya zamani, maana yake ulikuwa umeanza siku nyingi. Mkaguzi wa wiki ya kwanza kazini angeusoma.

Trafiki aliinama akaniuliza, "Eh, mkaguzi, ni nini hapo?"

Nikajibu, "Kuchomelea."

Neno moja tu. Nilirudi ofisini nikalipiga taipureta, nakala tatu: gari limevunjika kwa sababu ya ubovu wa kazi ya kuchomelea. Nikasaini, nikagonga muhuri. Mafuru akawekwa ndani siku tatu. Aliachiwa bila kesi, lakini ripoti ilishaenda kila mahali. Jina lake likafutwa kwenye orodha yetu, wateja wakamkimbia, na watu wa Bunda wakaanza kumwita fundi mkata miguu. Gereji ikafungwa. Akauza mitungi yake ya gesi, akarudi kwao Butiama. Nikasikia anaziba pancha za baiskeli.

Na mimi je? Mimi nilipandishwa cheo.

Miaka ikageuka. Soko likafunguliwa, magari ya mtumba yakamiminika kutoka Japani, spea zikajaa madukani mpaka barazani. Makampuni mapya ya bima yakaja na vijana wenye tai na kamera. Ikawa gari likichubuka taa tu wanalifuta, maana kununua jingine ni rahisi kuliko kutengeneza. Nikapewa futi mpya ya chuma. Nikawa Mkaguzi Mkuu, naletewa vijana niwafundishe, nami nawalaza chini ya lori siku ya kwanza, kama nilivyolazwa. Nikawa nawaambia kwa sauti ya kiprofesa kabisa: upande wa pili avute mtu asiyekuwa na shida na jibu. Wakawa wananukuu kwenye madaftari. Siku ya kuniaga walinipa godoro na cheti kilichoandikwa "mtumishi mwaminifu". Mke wangu alitaka kukitundika sebuleni. Nikamwambia misumari imekwisha, na mpaka alipofariki hakujua kwa nini nyumba yetu haikuwahi kupata msumari.

Nilistaafu nikarudi kwetu Butiama, kwenye shamba la baba. Jumapili ya kwanza nikaenda kanisani. Benchi la mbele yangu alikaa mzee mwenye magongo mawili. Nilimtambua kwa kisogo tu. Joakimu. Pembeni yake, ametengwa na nafasi ya mtu mmoja, alikuwa Mafuru, amezeeka, vidole vyeusi vile vile. Padri akasema tutakiane amani. Mafuru akamgeukia Joakimu, akanyoosha mkono. Joakimu akageukia upande wa pili, akawapa mkono watu wote wa benchi hadi ukutani, akarudi akatazama altare. Mafuru akaushusha mkono wake taratibu. Wala hakuonekana kushangaa.

Nilimuuliza mwenyekiti wa jumuiya kama wale wawili wana ugomvi.

"Wale? Hiyo ya zamani," akanijibu. "Mafuru alimharibia gari akakatika mguu. Kila Jumapili anampaga mkono, na kila Jumapili mwenzake anamnyima. Tumesuluhisha tumechoka. Joakimu anasema atampa mkono siku mguu utakaporudi."

Kila Jumapili, ndugu zangu. Miaka ishirini na zaidi. Chakula cha mchana siku hiyo kilinishinda. Nilivumilia Jumapili sita, nimekaa nyuma yao kama mtu mstaarabu, ya saba nikashindwa.

Mafuru nilimkuta sokoni amechuchumaa mbele ya baiskeli. Nikamwamkia, nikasema yote kwa mara moja, nisije nikapoteza ujasiri. Alinisikiliza. Akafuta mikono.

"Unanieleza mimi?" akasema. "Mimi si nilikuwepo? Na kiraka changu nilikiona pale polisi siku naachiwa. Kizima."

"Mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Nilisema. Nilisema kwa trafiki, nikasema kwa Mama Sabina mpaka anakufa. Nani amsikilize mchomeleaji wakati wewe umepiga taipureta?"

Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha. Nilikuwa nalia, mzee mzima, pale sokoni, wauza nyanya wananitazama.

"Mimi siyo wa kwanza kwenye foleni," Mafuru akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. "Wa kwanza ni yule mwenye magongo. Kwake ndiko hujafika." Akarudi kwenye baiskeli yake.

Nilikwenda kwa Joakimu kesho yake. Alifurahi kuniona, maskini! Alinikaribisha kiti kizuri, akamwita mjukuu alete soda, akasema dada yake marehemu alikuwa akinikumbuka kila siku kwa wema niliowatendea. Nilimwambia arudishe soda. Nikamweleza kuhusu mvua, uzi, kisigino changu kwenye tairi, sukari, miezi minane, na lile neno moja nililomjibu trafiki.

Alivuta gongo moja karibu yake. Halafu akauliza, "Vidole vingapi?"

"Vitatu."

Akainua mkono wake, akaunganisha vidole vitatu, akavitazama. Nilidhani atanipiga na gongo, na ningeshukuru. Kumbe machozi yalikuwa yanamtoka kwa ajili ya mtu mwingine.

"Mafuru alikuja hospitali," akasema. "Alikuja na uji. Nikaumwaga chini mbele yake. Halafu miaka yote hii kanisani... Miaka yote hii, wewe! Umenifanya nimtende mtu hivyo mbele ya ekaristi!"

"Joakimu..."

"Toka kwangu."

Nikatoka. Ripoti niliiandika upya wiki hiyo hiyo, kwa mkono, maana taipureta sina. Nikampelekea mwenyekiti wa jumuiya nikamwomba aisome mbele ya watu, akaisoma, nami nimesimama. Kule shirikani pia nilituma nakala. Hawajajibu, na sidhani kama kuna anayejua faili lenyewe liliko. Hii mnayosoma ni nakala nyingine, kwa ajili yenu mtakaolala chini ya magari. Ule uzi bado ninao kwenye mkoba. Anayetaka kuuona aje Butiama nitamwonyesha fundo lilipokuwa.

Jumapili iliyofuata nilikaa benchi lile lile la nyuma. Padri akasema tutakiane amani. Joakimu aliinuka kwa magongo yake, akajivuta akaijaza ile nafasi ya mtu mmoja, akamshika Mafuru mkono kwa mikono yake yote miwili, gongo moja likaanguka chini kwa kishindo na hakuna aliyeliokota. Sijui waliambiana nini. Halafu Joakimu akageuka kuwapa mkono waliokaa nyuma. Akampa mama wa kushoto kwangu. Nikanyoosha wangu. Akaupita, akampa mzee wa kulia, akarudi akakaa.

Sikuushusha mara moja. Niliuacha palepale juu ya benchi mpaka kwaya ilipoanza Mwanakondoo wa Mungu, na Jumapili hii nitaunyoosha tena.